Panya wa Kundi la Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe, glavu na panya kumi na wanane. Mtafiti Mkuu alikuwa kijana kutoka Mbeya, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akaniambia nisiguse kitu chochote. Basi nikashika ufagio.

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili huku Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga. Panya walikaa kwenye chumba chenye jua, maana baridi ya Ufipa ingewamaliza kabla ya utafiti. Baadaye nikapanda cheo, nikawa mhudumu wa wanyama. Kwetu Mwazye mjomba aliposikia alisema, "Huku tunawafukuza kwenye vihenge, wewe unalipwa kuwalisha?"

Utafiti ulihusu jentamaisini, sindano ya kuua bakteria. Inaokoa watu wengi, lakini inaweza kuumiza figo. Mtafiti Mkuu alitaka kujua kama viambata vya majani ya mlonge, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea, vinaweza kuzikinga. Kundi la kwanza lilipata maji tu. La pili, sindano na maji. La tatu, sindano na maji ya mlonge. Mwishoni tulipima kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo nzima huitoa kwa mkojo. Ikipanda, figo zimeelemewa.

Siku ya tatu kundi la pili wakanyong'onyea. Mimi nimelelewa nyumba ya watoto tisa, ambako hata kidonge kimoja kilikatwa ili mgonjwa asimtazame mwenzake akinywa dawa. Nikagawa mlonge wa kundi la tatu nusu kwa nusu na kundi la pili. Sikuona kosa hata kidogo. Nilimwona Mtafiti Mkuu kuwa mchoyo.

Majibu yakatoka: kundi la pili na la tatu sawasawa, kreatinini imepanda kidogo tu. Kijana akapima tena na tena. Alikuwa na haraka ya kuandika.

"Mama, kumbe kwa dozi hii jentamaisini haina neno," alisema. "Nitawaandikia wenzetu hospitalini wasihangaike sana kupima figo."

Wiki ile wifi yangu alikuwa wodini, akichomwa dawa hiyohiyo, na kila baada ya siku moja muuguzi alimtoa damu kupima kreatinini.

"Daktari, usiandike."

"Kwa nini, mama?"

"Hao wa kundi la pili wamekunywa mlonge."

"Nani kawapa?"

"Mimi. Walikuwa wanaumwa. Ningewaangalia tu?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi niliyokuajiri."

Akakaa juu ya gunia la chakula cha panya, akajifunika uso kwa koti lake. Nikaanza kuvua langu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Si umenifukuza?"

"Tunaanza upya, na atakayewanywesha ni wewe. Mwingine akikosea hatasema."

Tukaleta panya wengine. Kila asubuhi niliwapa wale sita wa kundi la pili maji matupu, nikiwaomba msamaha kwa Kifipa, kwani Kiswahili niliona ni cha ofisini mno. Safari hii kreatinini yao ilipanda sana. Ya kundi la tatu ilipanda kidogo. Mtafiti Mkuu akaandika alichokiona, akaongeza kwamba panya si mtu, na kwamba wagonjwa waendelee kupimwa.

Sasa nimestaafu. Majirani wakichomwa sindano huja kuniomba mlonge, na mimi huwarudisha hospitali wakapimwe figo. Huondoka wakininung'unikia kwamba nimeficha siri za wazungu.

Wifi alipona, na msimu huu kalima ulezi kunishinda. Wale panya sita niliwanyima mlonge kwa mkono wangu mwenyewe, nikawatazama mpaka mwisho. Nilifanya sawa. Sijawahi kufanya sawa nikajisikia vibaya namna ile.