Kupalia Moto Tegeta

Juzi nilikuwa kwa mjukuu wangu Tegeta, kwenye nyumba yake mpya. Maji ya chai hayajachemka, gesi ikakata. Nikamwambia, "Si una jiko la mkaa huko nyuma? Kapalie moto kwa jirani."

"Nikafanyeje, bibi?"

Nilicheka mpaka machozi! Mtu mzima, ana mume, hajui kupalia moto!

Sie Temeke, nilivyokuwa mdogo, kiberiti kilikuwepo, lakini nani apoteze njiti? Asubuhi mama anachungulia moshi unatoka uani kwa nani, ananipa kifuu cha nazi kina majivu chini. Naenda kuomba makaa mawili matatu yanayowaka, narudi mbio huku nayapuliza. Ndo kupalia huko. Mama alinambiaga bibi zake walisema kupaa moto, yaani kuuchota. Ukiuchota kuupeleka kwako, unapalia. Mie shule sikukaa, najua hivyo hivyo.

Na moto haunyimwi, wee! Mama na jirani wakitukanana jioni, asubuhi natumwa kulekule. Yule mama ananichagulia kaa zuri kabisa: "Mwambie mama yako asiuzimishe kama juzi!" Ugomvi umekwisha.

Mjukuu wangu akanuna. Kumbe yeye na huyo jirani, dada mmoja wa Lindi anayekaanga mihogo barazani, hawasalimiani tangu maji ya kufulia yalipomtiririkia ukutani. "Siendi, bibi. Atanicheka."

"Basi naenda mie." Nikabeba sufuria kuukuu, maana kifuu hana.

"Shikamoo, bibi," yule dada akanipokea barazani.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupalia moto."

Akaweka upawa chini. "Bibi! Neno hilo sijalisikia tangu kwetu!" Akajaza makaa, akanikatalia kubeba. "Utaungua." Akaja nayo mwenyewe, akapita geti, akasimama mlango wa jikoni. Mjukuu wangu anatazama sakafu.

"Jiko liko wapi," yule dada akauliza, "au niumwage kwenye vigae vyako?"

Mjukuu akacheka bila kupenda. "Huku nyuma, dada angu. Na yale maji... nisamehe."

"Puliza kwanza, moto unazima."

Wakainama wote wawili wakapuliza, majivu yakawarukia usoni.