Bwawa Lililotolewa Perege

Rukaiya Mfaume hajui kukaa. Hata akija kunipa pole ya msiba, baada ya dakika kumi utamkuta uani kwangu ameshika fagio. Mimi ni fundi cherehani, jirani yake hapa Toangoma mwaka wa kumi na mbili sasa, na nimekwisha kumwambia mara nyingi kwamba ananichosha kwa kumtazama tu. Yeye hucheka, halafu huuliza kama nina kipande cha shela kilichobaki.

Hicho kipande cha shela ndicho kilichotukutanisha. Rukaiya anazalisha vifaranga wa kambale nyuma ya nyumba yake, na kifaranga wa kambale, siku zake za kwanza, hataki pumba. Anataka kitu kilicho hai, kidogo kama punje ya chumvi, kinachojongea mbele ya mdomo wake. Wadudu wa namna hiyo wamo kwenye maji yaliyotulia, na Rukaiya huwaita viroboto kwa jinsi wanavyorukaruka. Huwavua alfajiri katika shimo kubwa ambalo wachimba mchanga waliliacha na mvua zikaligeuza bwawa. Wavu wa kawaida hauwashiki, wanapita. Shela laini ya bibi harusi, ikikunjwa mara mbili na kushonewa kwenye duara la waya, inawashika. Nimemshonea vyandarua vya aina hiyo hata sikumbuki vingapi.

Kabla ya samaki alikuwa Muscat miaka minne, akifanya kazi za ndani. Binti yake, Najma, alimwacha Kawe kwa bibi yake akiwa na miaka miwili. Siku aliporudi, mtoto wa miaka sita alimtazama, akasema, "Shikamoo shangazi," kisha akajificha nyuma ya bibi. Rukaiya amenisimulia hilo mara nyingi, na kila mara hulia upya. Akimaliza kulia huinuka akaosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Kwa hiyo Najma alipofikisha miaka ishirini na mitatu, stashahada yake ya ufugaji wa samaki ikiwa na miaka miwili kabatini bila ajira, akasema amepata wakala na anakwenda hukohuko Muscat, nyumba ile ilikosa usingizi. Walibishana wiki nzima. Kelele zilinifikia hadi kwenye cherehani, na siku moja nikapoteza subira, nikavuka uzio.

"Mtaniua nyie," niliwaambia. "Semeni neno moja liishe."

Najma ndiye aliyelisema. "Ma'mdogo, mie sitaki kukaa hapa kumchotea mama maji mpaka nizeeke. Kazi ikituchukua sote wawili, nabaki. Haichukui, naondoka."

Wakakubaliana mbele yangu. Rukaiya angeangua vifaranga elfu ishirini. Siku ya kumi, wakibaki hai elfu tano, Najma anabaki na wanafanya kazi pamoja. Wasipofika, anapanda ndege. Mimi nikafanywa shahidi, kazi ambayo sikuiomba.

Hapo ndipo Rukaiya alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa bidii zote. Bwawani mlikuwa na perege wadogo, hakuna anayejua nani aliwaleta. Wanakula viroboto, hilo kila mfugaji wa huku analijua. Akajiambia kwamba akiwaondoa, viroboto wote watakuwa wake. Aliwavua siku tatu, hakubakiza hata mmoja. Ulikuwa mwezi wa Shabani, akawagawa nyumba hadi nyumba, nami nikapata sahani nzima nikawapika kwa nazi. Sikujua nakula nini.

Mwanzoni bwawa lilimsifu. Maji yalikuwa mazito kwa wadudu, chandarua kinatoka kizito kama uji. Kila akivua alinipitia kunionyesha ndoo. "Shoga, tazama! Muscat wamtafute mwingine!" Jumamosi vifaranga wakaanguliwa. Kifaranga mpya huishi kwa kiini alichozaliwa nacho tumboni, siku mbili hivi, kisha lazima ale.

Jumanne alfajiri nilisikia ndoo ikipigwa chini. Nilipofika bwawani, Rukaiya alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, chandarua mkononi. Ndani yake viroboto walikuwa weupe kama maziwa yaliyoganda, wengi wamekufa. Alitupa tena na tena, upande huu na ule, weupe tu.

Najma alikuja na lenzi ndogo aliyobandika kwenye simu. Akanionyesha. Kiroboto mzima ni kioo: unauona utumbo wake wa kijani na moyo unavyodunda. Yule mweupe alikuwa amejaa vitu vyembamba, vimelala pamoja, nikaona kama sindano zangu ndani ya pakiti.

"Ni ukungu," alisema Najma. "Hizo ndizo mbegu zake. Kiroboto anazimeza akichuja maji, zinamtoboa utumbo, zinazaana mwilini. Akifa, zinamwagika, wenzake wanazimeza."

"Mbona miaka yote haukuwapo?" Rukaiya aliuliza kwa ukali, kama vile binti ndiye aliyeuleta.

"Ulikuwapo, mama. Perege anakula anachokiona. Mzima haonekani vizuri, mgonjwa anang'aa. Walikuwa wanawaondoa wagonjwa kila siku kabla hawajapasuka. Sie tumewala waganga."

Rukaiya aliinama akaokota ndoo. Nilimhurumia, na papo hapo nilimkasirikia, maana nilikumbuka ile sahani yangu ya nazi.

Kuna mzee mmoja, Gervas, mtu wa Masasi kama mimi, ana bwawa dogo kule karibu na Kongowe. Rukaiya alikuwa akimcheka hadharani kwa kuacha perege wajae kwenye maji yake. Asubuhi ile alikwenda kwake na ndoo mbili, mimi na Najma nyuma yake.

"Shikamoo mzee Gervas."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kwenye bwawa chafu?"

"Nimekuja, baba. Niseme nini."

Mzee akaguna, akatuonyesha pa kukanyaga. Viroboto wake walikuwa wachache, lakini safi. Alitupatia pia ndoo ya perege wadogo, tukawatia bwawani kwetu. Najma alituonya kwamba bwawa halitapona chini ya wiki tatu. Wiki tatu hatukuwa nazo.

Siku zilizofuata sikushona. Tulikwenda kwa Gervas alfajiri na jioni, tukarudi na kile kidogo. Rukaiya hakulala wala hakula; alizunguka tangi la vifaranga, akagusa maji, akazunguka tena. Tulijaribu kiini cha yai la kuchemsha, maji yakachafuka, tukalala hoi kuyabadilisha. Kambale naye akikosa chakula humla ndugu yake. Kila asubuhi kulikuwa na wachache wanene na wengi waliopotea. Najma alifanya kazi kuliko sisi sote, miguu imemvimba, na sikumsikia akilitaja jina la wakala hata mara moja.

Siku ya kumi ikafika. Najma alichota kikombe kimoja, akahesabu vifaranga mmoja mmoja kwenye sahani nyeupe, akachota cha pili, cha tatu, akazidisha kwenye daftari. Mimi nilichungulia tangini na niliiona sakafu yake ya saruji wazi kabisa. Elfu tano wangeifunika nyeusi.

Najma alifunga daftari. Midomo ilikuwa inamcheza. "Elfu tano na mia mbili," alisema.

Rukaiya aliinama juu ya tangi. Mtu aliyezalisha kambale miaka kumi na miwili hahitaji kikombe wala daftari. Nikaogopa. Namjua Rukaiya: uongo mdogo tu wa muuza vitunguu humfanya apige kelele mpaka sokoni kote kusikike.

"Rosalia," aliniita bila kugeuka. "Wewe si ndiye shahidi? Umesikia hesabu?"

"Nimesikia," nilisema, mimi ninayekwenda kusali jumuiya kila Jumamosi. "Elfu tano na mia mbili."

"Basi mpigie wakala wako, Najma. Mwambie mama yako anakuhitaji."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Najma alikuwa analia waziwazi, nami pia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Vifaranga walipohamishiwa bwawa la kukuzia nilikuwapo. Walikuwa mia sita na kumi na moja. Niliwahesabu mimi, maana wao wawili hawakutaka kuhesabu tena.