Goti la Baba na Gari la Milango Miwili

Baba alikuwa dereva wa mwenye shamba la kahawa kwa miaka mingi. Yule bwana alipoamua kurudi kwao, alimwachia gari lake dogo la michezo, la milango miwili, lenye pua ndefu na paa la chini sana. Mtu huingia humo kama anayejilaza. Butembo nzima hapakuwa na la pili. Lilikuwa la zamani tangu siku Baba alipolipokea, na nilipokuwa mtoto nililisikia likipanda kilima cha Vulamba muda mrefu kabla ya kuliona.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika. Walikata kidole, na mwaka uliofuata wakakata mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Gari likabaki kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Panya waliingia wakala viti mpaka kwenye chuma. Mbao za ndani ya milango, zilizokuwa za karatasi ngumu, zilivimba kwa unyevu zikaanguka. Ubao wa mbele, ule wenye saa za mwendo na mafuta, ulipasuka katikati.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili kando ya barabara. Nashona kanzu za waimbaji wa parokia, lakini kazi inayonilisha ni kufunika viti vya moto, yaani pikipiki za taxi. Kila alasiri nilipopita kuwasalimu wazazi nilimkuta Baba ameketi ndani ya lile gari, juu ya springi tupu, magongo yake yameegemezwa mlangoni. Hakuwa akifanya lolote. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya gia. Nilimwona hivyo miezi mingi, mpaka siku moja alipokuwa akitoka suruali ikanasa kwenye waya wa springi ikachanika. Aliniomba niishone kabla Mama hajaona. Niliishona palepale, yeye akiwa ameivaa, na kabla sijakata uzi nilikuwa nimekwisha kuamua.

Nilimwambia nitatengeneza viti. Alisema niache, lile ni gari la sport, vitu vyake havipatikani hata Kampala. Nikamjibu kwamba sitavitafuta, nitavitengeneza mwenyewe. Alinitazama kwa huruma, kisha akasema nifanye ninavyotaka, kwa kuwa haliwezi kuharibika zaidi ya lilivyo.

Niling'oa viti viwili nikavipeleka kazini kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Mahali pa springi nilisuka mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, niliyoikata vipande virefu kama mikanda. Juu yake niliweka sponji ya godoro, kisha skai, ngozi ya bandia, nyekundu iliyoiva, ile ninayowawekea wenye moto wanaotaka kupendeza. Kiti cha kwanza kilikuwa kizuri sana, lakini Baba alipokikalia kichwa chake kiligonga paa. Nikafumua kila kitu, nikapunguza sponji vidole vitatu, nikashona upya.

Milango niliitengeneza kwa tripleksi, ubao mwembamba wa tabaka, niliyoilowesha kwa maji ya moto na kuikunja juu ya pipa mpaka ikapata mviringo wake. Ubao wa mbele ndio uliotaka kunishinda. Niliuchonga kwa mti wa mkaratusi. Baada ya juma moja la jua ukapasuka kama ule wa zamani. Fundi seremala wa jirani alinipa kipande cha libuyu kilichobaki kwenye mlango wa mtu, mbao nyekundu ya msituni, nzito. Nilichora matundu ya saa kwa kopo la nyanya na kuyakata polepole kwa msumeno mwembamba. Siku hiyo Baba alikuja kazini kwangu kwa magongo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitali. Alisimama juu yangu akaniambia kwamba nimekosea, saa ya mafuta ilikuwa kushoto. Nikageuza ubao nikaanza upande mwingine.

Yote yalipokwisha kufungwa, alikaa kwenye kiti chake akapitisha kiganja juu ya ile mbao mara mbili tatu. Kisha akatazama chini.

"Umefanya muzuri," akasema. "Sasa tuuzishe."

"Papa, hatuuzishe."

"Pedali iko tatu, mwana wangu. Muguu iko moja."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yangu ni ya kufanya kazi. Kesho yake nilimwita fundi wa magari wa mtaani, tukafunga mkono wa breki ya moto kwenye usukani na waya mpaka kwenye pedali ya ambriyaji, ile ya kushoto inayokanyagwa kila unapobadili gia. Nilipoubana mara ya pili waya ulikatika ukanichapa mkononi. Fundi akasema hata usingekatika, mkono mmoja ungekuwa kwenye waya na mwingine kwenye gia, usukani angeushika nani? Alisema kweli.

Dereva mmoja wa moto, mteja wangu, ndiye aliyeniambia kwamba kule Beni, katika mtaa wa Mulekera, kuna fundi wa kuchomelea anayewatengenezea wasioweza kutembea baiskeli za magurudumu matatu, za kuendeshwa kwa mikono. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa siku kadhaa kwa sababu ya usalama. Ilipofunguliwa nilipanda taxi, nimebeba kartoni kubwa niliyochora juu yake sakafu ya gari, pedali zote na kiti, kila kitu kwa kipimo chake. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana aliigeuza kartoni juu chini akauliza kwa Lingala kama ni ramani. Nilimweleza kwa Swahili na kwa mikono. Akacheka kidogo, akasema gari la mkubwa wake nalo halina viti, akanirudishia.

Fundi wa Mulekera alikuwa mzee wa maneno machache. Aliweka kartoni chini akachuchumaa mbele yake. Nilimweleza habari za waya uliokatika. Hakuonekana kusikiliza.

"Goti iko?" akauliza.

"Iko."

"Inanyooka?"

"Inanyooka muzuri."

"Basi mukono ya nini? Muguu munao."

Alichora kwa chaki juu ya kartoni: kisahani cha chuma mbele ya kipande cha mguu kilichobaki, na fimbo kutoka kisahani mpaka kwenye pedali. Baba akinyoosha goti, kisahani kitasukumwa, na pedali itashuka. Mikono yote miwili itakuwa huru. Nilitaka aanze saa ileile. Akasema hawezi kukata chuma bila kipimo cha mguu wenyewe, urefu na unene, nami nikabaki nikitazama chaki yake, kwa sababu ule mguu sikuwa nimewahi kuuona. Baba alikuwa akikunja mguu wa suruali na kuufunga kwa pini, na hakuna aliyeruhusiwa kuona kilichomo ila Mama na muuguzi.

Nilirudi Butembo na mita yangu ya kupimia nguo shingoni. Nilimweleza Baba kila kitu, nikamwonyesha mchoro. Aliniuliza kama ninawapima wanaume kazini. Nikasema kila siku. Basi akafungua pini, akakunja suruali, akageuza uso ukutani. Nilipiga magoti nikapima. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto, na baridi. Niliandika namba kwenye kiganja changu kwa sababu sikutaka kuinuka kutafuta karatasi. Nilipomaliza nilimshukuru kama ninavyomshukuru mteja yeyote, naye akaitikia.

Chuma kilikuja baada ya majuma mawili, na yule fundi wa mtaani akakifunga. Mimi nilikizungushia sponji na skai, rangi moja na viti. Baba alikanyaga kwa goti, pedali ikashuka, akakanyaga tena, na tena, alasiri nzima, gari likiwa limezimwa. Jioni Mama alipomwosha alikuta ngozi imechubuka. Kwa mwenye sukari kidonda kidogo ni jambo kubwa. Mama hakunigombeza. Alikwenda kibandani, akafungua kisahani kwa spana, akakificha, na aliponiona kesho yake aliniambia kwa sauti ya chini:

"Wamekata mara mbili. Ya tatu sitakubali, hata kwa sababu yako."

Nilimwambia ana haki, na kwamba sitakiomba kile kisahani mpaka nipate kitu kisichochubua. Nilijaribu pamba, nikajaribu blanketi, nikijifunga mwenyewe kwenye muundi wa mguu na kusukuma mguu wa meza mpaka ngozi yangu ikaniambia. Pamba ilishikamana, blanketi ilikwaruza. Mwishowe nilikwenda Kirumba siku ya soko nikanunua ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Niliifua mara nyingi mpaka harufu ikaisha, nikaishona kama mfuko, manyoya yakiwa ndani, bila mshono wowote mahali panapogusa. Nilimpelekea Mama kwanza. Aliingiza mkono, akausukuma huku na huku, akauacha humo kitambo. Kisha akaingia ndani akaleta kisahani. Sharti lake lilikuwa moja: kila Baba akitoka garini, yeye ataangalia ngozi.

Fundi wa mtaani alipokwisha kuamsha injini, Baba alijifunza upya kwenye uwanja wa mpira wa parokia. Siku ya kwanza gari lilizimika mara nyingi kiasi kwamba watazamaji walichoka wakaondoka. Hakukasirika. Alikuwa akisema peke yake, taratibu, maneno ambayo nadhani alikuwa akiwaambia madereva wapya zamani. Juma la tatu alizunguka uwanja mzima kwa gia ya tatu.

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa kwenda Beni kumwonyesha yule mzee kazi yake. Kwenye mlima mmoja gari lilizimika, na nyuma yetu malori mawili ya mizigo yakaanza kupiga honi. Nilishika mlango ili nishuke. Baba alisema, "Kaa." Alivuta breki ya mkono, akapanga goti lake vizuri ndani ya manyoya, akawasha, na tukapanda.

Huko Mulekera, fundi aliinama ndani ya gari akachunguza zaidi ngozi ya kondoo kuliko chuma chake. Aliuliza nani aliishona. Kisha akasema ana wateja wengine, mmoja wao mwalimu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwenye gari na bila mguu. Fundi alikuwa hajui jinsi ya kuwapima bila kuwaumiza. Kabla sijajibu, Baba alifungua pini ya suruali, pale uani, watu wakipita, akamwonyesha mahali pa kuweka mita.

Sasa nashona mifuko ya vile visahani pamoja na viti vya moto. Baba huenda Beni akiwa na mita yangu moja ya zamani, anapima watu, ananiletea namba kwenye daftari. Mwandiko wake ni mbaya na mara nyingi tunabishana kama aliandika moja au saba. Kiti cha abiria kimeanza kulegea upande wa mlango. Mipira ya lori imechoka. Nimemwambia aniachie gari siku mbili nikisuke upya, lakini anasema wiki hii hawezi, ana watu wanaomsubiri.