Ukurasa Mtupu wa Benicarló

Kila kiangazi kwa miaka kumi na miwili, Eutimio wa Teruel alizunguka pwani na mkewe Casilda wakitafuta nyumba ya likizo ya kununua. Kila mji aliupa ukurasa katika daftari lake: nguvu ya upepo, kelele za baa, hata hatua ngapi kutoka mlangoni hadi mchangani. Alijiona mtaalamu. Wauza nyumba wakimwona walijificha.

"Bwana wee," Casilda alisema siku moja mezani akipakua wali wa kamba, "usipochagua kabla hatujamaliza kula, mwakani nakwenda kwa dada yangu. Ulale na daftari lako."

Eutimio akapekua mbiombio, jasho likimtoka. Dénia, upepo. Cullera, mbu. Gandía, ngazi nyingi. Akafika Benicarló, ukurasa mtupu.

"Hapa sikuandika kitu," alikiri kwa aibu. "Sijui akili zangu zilikuwa wapi."

"Ulilala kibarazani siku nne, mdomo wazi. Ukiamka, unaulizia dagaa wa kukaanga."

Eutimio akaangua kicheko. Utafiti wote ule, na jibu alilipata usingizini! Akatoa kalamu aandike, kisha akairudisha mfukoni, asije akapaharibu.

"Basi tununue hapo," alisema.