Ventilateur ya frigo ya mama mudogo, na samaki ya wakwe

Wakuu wa humu, poleni na kazi. Niko Bunia. Hii nawaandikia sikuisikia kwa mutu, mikono yangu njo ilikuwa mule ndani, hata sasa kucha zingali nyeusi.

Kwanza mujue: mimi sikusoma électricité kwa shule yoyote. Nilijifunza kwa kufungua radio za watu na kutukanwa. Lakini frigo naijua.

Sasa. Mama mudogo wangu, ule alinilea tangu niko na meno ya maziwa, alikuwa anangoja wakwe. Watu wa Aru walikuwa wanakuya kesho yake kuleta mahari ya binti yake Neema. Samaki zilishafika kutoka ziwani, capitaine kubwa kubwa, zimejaa frigo mpaka mulango unafungwa na goti.

Asubuhi, frigo ikaacha kubaridisha.

Taa ya ndani inawaka. Moteur inaanza, inanguruma kiloko, kidogo tu, kisha "tak!" inazimika. Inapumuzika, inajaribu tena. "Tak!"

Mutu atauliza: kwa nini hamukupeleka samaki kwa jirani?

Nilisema vile. Mama mudogo aliniangalia kama vile nimevua nguo mbele yake.

"Waanze kuhesabu samaki yangu? Kesho kanisa yote itajua tulinunua ngapi!"

Basi zikabaki mule. Zikioza, aibu yote ni juu ya Neema, na wakwe watarudi Aru na hadisi.

Fundi mumoja wa quartier, wa mutaa yetu, alikuwa ameshaitwa. Akagusa kifuniko cha nyuma, upande wa moteur, akatoa mukono mbio, inachoma. "Imekufa hii. Tubadilishe moteur." Kisha akaongeza, anacheka: "Siye tunatengeneza, wamama wanaharibu."

Eee! Wakuu, mimi hasira yangu haipigi hodi. Mutu asimuguse mama mudogo mbele yangu, hata na kamaneno kadogo.

"Weye, beba tournevis yako, utoke!"

"Kijana, tulia..."

"Nimetulia sana! Toka!"

Akatoka. Mama mudogo akashika mwiko, akarudi kwa sufuria yake. Nilizani ananishukuru. Kumbe anaogopa. Ngoja mutasikia.

Nikakaa chini, nikafikiri. Moteur yenye imekufa haiwezi kuanza na kuchoma vile. Hii inaanza, inapata joto mingi, kale ka-protection kanaikatia umeme ili isiungue. Sasa joto linatoka wapi? Hii ni frigo ya no-frost, ile haishiki barafu kwa ukuta, nyuma chini iko na ventilateur yake, pembeni ya moteur, ya kupuliza moteur na grille, zile waya za kutoa joto. Nikaweka mukono pale kwa matundu: hakuna upepo. Hata kidogo.

Nikachomoa prise. (Tafazali mukifanya nyumbani, prise kwanza, ujanja baadaye.) Nikaivuta frigo, nikatoa kile kifuniko cha nyuma.

Vumbi ya Bunia munaijua. Ilikuwa nyekundu, nene kama blanketi.

Na katikati ya mapanga ya ventilateur, kulikuwa karton ya sabuni. Imekunjwa muzuri mara mbili. Imesukumwa pale na fimbo.

Nikageuka. Mama mudogo iko nyuma yangu na mwiko kwa mukono.

"Papa," akaniita pole pole kama vile niko baba yake, "usipige kelele."

"Mama mudogo... ni weye?"

"Ilikuwa inalia kama mbuzi! Jana kikundi cha sala kilikuwa hapa, kila tukianza kuomba, kwiii, kwiii. Mama pasteur akafungua macho, akaniangalia mimi. Mimi! Kama vile ni tumbo yangu."

Wakuu, nilicheka mpaka nikalala kwa simenti. Akanipiga mwiko kwa mugongo, na yeye pia anacheka, machozi inatoka.

Lakini juu ya kelele, alikuwa na haki. Nikatoa karton, nikazungusha panga na kidole: nzito, kavu kabisa. Nikafungua ventilateur, nikaisugua na brosse, nikaweka matone ya mafuta ya mashini ya kushona kwa ile chuma ya katikati, nikazungusha mpaka ikawa laini. Grille nayo nikapangusa yote.

Moteur nikaiacha ipoe muzuri mbele ya kurudisha prise. Munaogopa kungoja? Njo vile munaua moteur.

Nikarudisha. Ventilateur ikageuka kimya, kimya kabisa. Hakuna "tak". Samaki zilikuwa bado ngumu katikati, Mungu ni mukubwa.

Mangaribi kikundi cha sala kikafika, na tonton, bwana ya mama mudogo, akauliza mbele ya wote: "Frigo ilikuwa na nini?"

Mama mudogo akaangalia chini.

"Panya, tonton," nikasema. "Ilivuta makaratasi, ikajenga nyumba mule ndani."

Mama pasteur akasimama, akaomba kwa nguvu, akafukuza panya zote za ile nyumba kwa jina la Yesu. Mama mudogo akajibu "Amina" kushinda wote.

Kesho yake wakwe walikula, wakaomba kuongezewa samaki. Mama mudogo akapita katikati ya wazee, akaweka kichwa ya capitaine kubwa kuliko zote kwa sahani yangu.

Kitu nilijifunza: frigo ikianza kulia, iko inaomba mafuta, usiizibe mudomo. Na weye fundi, uliza kwanza wenye nyumba walisikia nini, lakini uliza na heshima. Ule nilifukuza alikuwa na haki kiloko juu ya wamama. Mimi sitamuambia, na weye usimuambie.

Tonton iko na simu ya tochi, hatasoma hapa.

Sasa semeni na nyinyi: wamama zenu walitia nini kwa ventilateur? Na kama kuna mutu anataka kunitukana juu ya ile panya, akuye, niko hapa.