Kikwembe Kwenye Meza ya Kapiteni

Mwaka 1950 nilikuwa na miaka kumi na mbili, na taabu ilianza hapo. Baba yangu, mlimaji wa pamba kule Kiringye, alikufa kwa homa katikati ya mavuno, na shule yangu ikaishia mwaka wa pili. Kusoma ninajua, lakini polepole. Kuandika ninaandika hivi unavyoona, na asiyependa aache. Sikuja kuomba radhi kwa Kiswahili changu. Nimekuja kuwaambia ninyi vijana wa kushona, mnaofikiri kazi ya nguo ilianza siku mlipopata mashine ya umeme, jinsi tulivyovalisha watu kwa usiku wa heshima kwenye meli za ziwa hili la Tanganyika. Mara mbili katika kazi hiyo wakubwa walitaka kuniamuru nimtupe mtu kwa sababu ya nguo yake. Mara ya kwanza nilifukuzwa. Mara ya pili ningeweza kuuawa. Sikukubali mara ya kwanza, na ya pili sikukubali.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na sita, katika nyumba ya kufulia ya bandari ya Kalundu, chini ya Uvira. Mkubwa wetu alikuwa Madamu wa Nguo, Mbelgiji mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto. Siku ya kwanza alinitupia shati.

“Unajua kupiga plastro?”

Plastro ni kile kifua cha shati ya wanaume kinachosimama kama ubao. Kinasimama kwa wanga, na wanga nilikuwa ninaujua tangu kwa mama. Tulikwaruza muhogo, tukaukamua ndani ya maji, tukaacha ule unga mweupe ushuke chini, kisha tukaupika mwepesi kama uji wa mgonjwa. Ukiwa mzito, shati inapasuka kama gome. Ukiwa mwepesi mno, kifua kinalala mbele ya watu.

“Ninajua,” nilimwambia.

“Utaona kama unajua,” akasema, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi aligonga ile plastro kwa kucha, akasikiliza, akanitupia nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Sikupata nyingine mpaka alipoondoka.

Baadaye lenjere wa meli, yaani mwanamke anayetunza nguo zote za ndani ya meli, aliugua akarudishwa Ulaya. Alikuwa mzungu, na wanawake weusi hawakufanya kazi kwenye meli. Lakini meli haiwezi kwenda na mashuka machafu. Komisari akanichukua mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa mtia kuni kwenye mashine ya meli ileile, na hakutaka kunitafutia pa kulala. Msichanganye: komisari wa meli si polisi. Ni mkubwa wa abiria, wa vitanda na wa chakula. Kapiteni anaongoza meli, komisari anaongoza watu.

Kila safari ya kushuka Albertville, inayoitwa Kalemie sasa, ilikuwa na jioni moja iliyoitwa Usiku wa Kapiteni. Abiria wa daraja la kwanza walikula na Kapiteni mwenyewe, na mlangoni pa sale, chumba cha kulia chakula, palibandikwa karatasi ya amri ya nguo. Mwanaume avae smokini, ile koti yenye kola ya hariri. Kwenye joto letu ilikuwa nyeupe, suruali nyeusi, viatu vyeusi. Shingoni papiyo, tai fupi yenye mabawa mawili, inayofungwa kwa mkono, si ile ya kilastiki. Wazungu wengi hawakujua kuifunga. Walikuja mlangoni kwangu shingo mbele, nami niliwaambia “Inua kidevu,” na wakainua. Mwanamke avae robe longue, gauni refu linalofika kwenye viatu.

Hapa nitawafundisha kitu ambacho hamtakisoma mahali pengine. Kabla ya kula, watu walisimama kwanza nje kwenye sitaha na vinywaji vyao, na upepo wa Tanganyika haujui daraja la kwanza. Uliinua magauni mpaka magotini. Mimi niliomba kwa wavuvi wa ndagala, dagaa wetu, zile risasi ndogo za kuzamisha nyavu, nikazishonea ndani ya pindo. Gauni likatulia. Mabibi waliniuliza dawa yake ni nini, nikawaambia ni maombi.

Uhuru ukaja. Wabelgiji wengi waliondoka, Komisari akabaki, na karatasi yake ikabaki mlangoni. Ndipo akapanda Administrateri wetu mpya, mkubwa wa serikali wa Uvira, Mfuliiru wa kwanza kukalia kiti kile, pamoja na bibi yake Mama Feza, mzaliwa wa Katogota. Bwana alikuja na smokini mpya kabisa. Mkononi alileta gauni la kijani lililoachwa nyumbani kwake na bibi wa Mbelgiji aliyemtangulia.

“Mama Lenjere, ulipanue kidogo,” akasema. “Usiku wa Kapiteni ni leo.”

Mama Feza alikuwa amekaa kitandani, hakugeuka. “Muulize kama atalipanua na ile harufu.”

“Harufu gani?”

“Ya mwenyewe. Weye umevaa koti mpya, minye nivae masalio? Niko na kikwembe yangu.”

“Feza, amri imeandikwa robe longue. Watatucheka.”

“Wakucheke weye. Minye nimezoea, niliolewa na weye.”

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Bwana akatoka akipiga mlango. Mama Feza akafungua sanduku akanionyesha kikwembe cha wax, kile wengine wanachokiita kitenge na wazungu pagne, buluu nzito yenye ndege wa manjano, pande tatu nzima, hakijaguswa na maji. Nilimwuliza kama ana uhakika. Akaniuliza kama mimi nina uzi.

Habari kwenye meli inatembea kuliko panya. Nilikuwa sijamaliza mikono ya blauzi Komisari akasimama mlangoni kwangu.

“Nimesikia unashona pagne kwa sale yangu.”

“Ninashona nguo ya Madamu Administrateri.”

“Kikwembe ni nguo ya soko. Akiingia nayo, weye unashuka Albertville na sanduku yako.”

“Ndiyo, Bwana Komisari,” nikasema, nikaweka sindano mdomoni, nikaendelea. Nilijua hasemi bure. Mume wangu naye alipopata habari alipanda juu na masizi yake yote. “Unataka tukale nini?” akauliza. Nilimjibu kwamba kama Mama yule hawezi kukaa mezani na kikwembe, basi uhuru ni wa waume peke yao, na mimi sitaupigia pasi. Akarudi chini kwenye moto wake.

Kikwembe kile nilikishona kama nilivyoshona magauni yao yote. Pande ya chini nikaishusha mpaka juu ya viatu, nikaweka risasi kwenye pindo. Ya pili nikaifunga kiunoni, ya tatu ndiyo niliikata blauzi. Mama Feza alipotokea kwenye sitaha, upepo ukavuta magauni ya wengine, yeye akasimama kama nguzo ya gati.

Mlangoni pa sale, mkubwa wa wahudumu, mzungu pia, akanyoosha mkono. “Madamu hapana. Bwana, ndiyo.”

Bwana Administrateri alikuwa tayari mguu mmoja ndani. Akasimama hapohapo katikati, jasho likimtoka ndani ya smokini. Mama Feza hakubishana. Alivuta kiti kilichokuwa pembeni, akakiweka kwenye njia nyembamba kati ya jiko na sale, akakaa, akapanga kikwembe chake juu ya magoti.

“Nitakula hapa,” akasema. “Leteni.”

Wahudumu walitoka jikoni na supu mikononi. Kupita, lazima wampite yeye. Wa kwanza, kijana mmoja wa Uvira, alisimama, akafikiri, akainama. “Karibu, Mama,” akampa sahani. Wa pili akasimama nyuma yake na mkate, wa tatu na chumvi. Hakuna aliyepita. Mama akanywa supu yake taratibu, akapuliza kila kijiko. Ndani, mabibi walianza kugonga vyombo. Mwisho Kapiteni mwenyewe akatoka, mzee mrefu asiyependa maneno.

“Komisari, supu yangu iko wapi?”

Komisari akaeleza habari ya pagne, ya amri, ya heshima ya meli. Kapiteni akaangalia chini.

“Inafika kwenye viatu?”

“Inafika, lakini...”

“Basi ni ndefu. Nina njaa.” Akampa Mama Feza mkono wake, wakaingia. Bwana akawafuata nyuma akibeba glasi aliyokuwa ameisahau mkononi tangu kwenye sitaha.

Albertville nilishuka na sanduku langu. Komisari alitimiza neno lake, na mimi nilitimiza langu. Hakuna aliyenitetea, hata Kapiteni, maana supu yake alikuwa amekwisha kunywa. Sikulia. Nilirudi Uvira, nikafungua kazi yangu mwenyewe Mulongwe, barazani, na mashine ya mkono. Wanawake walikuja kuomba “kikwembe ya bato”, yaani ya meli, kile cha kufika kwenye viatu, chenye risasi. Waliolewa nacho, walibatizia watoto nacho. Lenjere sikuwa tena, lakini jina lilibaki: mpaka leo ninaitwa Mama Lenjere.

Kisha 1964, uasi dhidi ya serikali. Waasi walipochukua Uvira walitafuta kwanza watu wa ofisi, na watu wa ofisi walijulikana kwa nguo. Tai ilitosha kumwua mtu. Nilikuwa na smokini ya Bwana Administrateri pale kwangu, aliileta kupigwa pasi kwa arusi ambayo haikufanyika tena. Asubuhi moja, mji ukiwa mikononi mwao wiki kadhaa, Mama Feza alipita na kapu la muhogo kichwani kama mtu wa soko. “Bwana yangu hajavuka bado,” akaninong'oneza. “Iko amejificha. Jioni wanamupeleka Bujumbura kwa mtumbwi.” Akaendelea kutembea.

Komanda wa waasi alifika mchana huohuo na wapiganaji wake. Kijana wa bondeni, majani kichwani, kaptula, bunduki. Walipindua masanduku yote. Wakatoa smokini, na papiyo ikaanguka kutoka mfukoni.

“Hii koti ya nani?”

“Yangu.”

“Weye mwanamke?”

“Huoni?”

Wale vijana wakacheka. Yeye hakucheka. “Sema jina ya mwenyewe.”

“Nimesema. Nilitumika kwa bato ya wazungu. Kule kwa kula ya jioni kunavaliwa hivi.”

“Vaa tuone.”

Nilivaa. Mikono ya koti ikanimeza mpaka kucha.

“Ni kubwa,” akasema.

“Nilikuwa mnene. Tangu mulifika hapa, nani hajakonda?”

Nilisikia mbuzi wa jirani akitafuna. Kisha mmoja akapasuka kwa kicheko, na wengine. Komanda akaokota papiyo kwa ncha ya bunduki. “Na hii kamba?”

Nikaichukua, nikaifunga shingoni pangu bila kioo, mabawa mawili sawasawa. Akaja karibu, akavuta ncha moja, ikafunguka. “Funga tena.” Nikafunga tena huku ninamtazama machoni. Mwanamke anayefunga papiyo bila kioo, hawakuwa wamemwona. Akafikiri sana. Halafu akaweka bunduki ukutani.

“Unifunge na minye.”

Nilivua nikamvalisha. Vidole vyangu vilikuwa kooni pake, na bunduki yake ilikuwa upande wangu. Alikuwa ananuka jasho na majani mabichi. Hakutulia, akawa anainamisha kichwa kutazama.

“Inua kidevu,” nikamwambia.

Akainua, kama walivyoinua wazungu wote.

“Komanda, smokini haivaliwi na kaptula,” nikasema nilipomaliza. “Inataka suruali nyeusi.” Vijana wake waligeuza nyuso ukutani. Yeye akachukua bunduki yake, akatoka barabarani na smokini yake, amenyoosha shingo. Jina hakuniuliza tena. Jioni ile Bwana Administrateri akavuka.

Aliporudi, jeshi la serikali lilipokwisha kuuchukua tena mji, alikuja barazani kwangu. “Mama Lenjere, koti yangu iko wapi?”

“Weye uko wapi?”

“Niko hapa.”

“Basi kaa na hiyo roho yako.”

Nimeshona tangu hapo mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Wasichana niliowafundisha wako Uvira, Bujumbura, Bukavu. Sasa vijana wananiuliza: kuna meli kubwa za matembezi huko ng'ambo, zina usiku wa nguo rasmi, mtu avae nini? Ninawajibu. Mwanaume, suruali ndefu, papiyo ya kufunga kwa mkono, viatu ulivyokwisha kuvizoea, maana viatu vipya vinamfanya mtu akunje uso mezani. Mwanamke, kitu kinachofika kwenye viatu, na pindo liwe zito. Kiwe kimeshonwa kwa mwili wako, si masalio ya mwingine. Wakikuambia kikwembe hakiingii, vuta kiti, ukae palepale wanapopitisha chakula. Msiniletee habari ya kwamba nyakati zimebadilika. Watu wa kusimama mlangoni bado wako, nimewaona kwenye arusi za hapahapa Uvira, na ni weusi kama mimi.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Kiwanja Kavimvira chenye migomba. Mashine tatu, mbili zinafanya kazi. Mbuzi sita. Ng'ombe mmoja, yuko kwa rafiki yangu Mnyamulenge, mfugaji wa kule juu milimani, na maziwa yake ninayapata. Sanduku mbili za bikwembe ambazo binti zangu wanazigombania na mimi bado ni mzima. Mume nilimzika vizuri. Meno yangu yote isipokuwa mawili. Mkubwa wa kuniambia nivae nini, sina.