Mkono wa Bibi Ndani ya Ukungu

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, nilimwona Bibi akimziba mdomo mtu mzima mwenye ndevu, naye akatulia tuli. Mtu huyo alikuwa Ami Seif, mdogo wake baba, kitindamimba wa Bibi na mvuvi wa mji wa Sur, Omani.

Asubuhi hiyo alikuwa akitupeleka kwa boti yake ya mashine kwenye kijiji kimoja cha pwani, kumwona shangazi aliyejifungua. Miaka ile lami ilikuwa haijafika huko, na mgongo wa Bibi haukustahamili mitikisiko ya gari. Alikaa katikati ya boti, kapakata chupa ya uji wa pilipili manga wa mzazi.

Tulipokaribia, ukungu ukatufunika. Hata omo, pua ya boti yetu, sikuiona tena. Ami akazima mashine.

"Skizeni," Bibi akasema. "Humu mna wenyewe. Ukiitwa mara moja, usiitike. Jini haiti mara tatu. Anayerudia ni binaadamu."

Ami akacheka. "Mama, hayo ya Unguja. Hapa Omani."

"Bahari ni ile ile."

Hajamaliza, sauti ya mwanamume ikaita: "Seif!"

"Huyo Salim," Ami akasema. Salim ni mume wa shangazi. Ami alikuwa keshashika kamba ya mashine tuifuate sauti, kafungua kinywa aitike, Bibi akamziba kwa kiganja.

Tukanyamaza. Katika kimya kile nikasikia maji yakigonga jiwe, karibu mno, baina yetu na pale sauti ilipotoka. Ami naye alisikia. Akaiacha kamba taratibu, akachukua kasia, akaanza kuturudisha nyuma, na mkono wa Bibi ungali mdomoni mwake. Jiwe likatokea mbele yetu, jeusi, refu kuliko mtu, kisha ukungu ukalimeza tena.

"Seif! Seif!"

Bibi akautoa mkono. "Haya, itika."

Salim akatuelekeza kwa sauti, zungukeni kulia, polepole, mpaka tukagusa mchanga. Tulimkuta anachechemea, goti linavuja damu. Alikuwa ameisikia mashine yetu, akaita, akateleza kwenye miamba.

"Shikamoo, Mama. Mbona hamkuitika?"

"Marahaba. Uliita mara moja," Bibi akamjibu, akampita kwenda kumnywesha shangazi uji kabla haujapoa.

Wenyewe wapo au hawapo, mpaka leo sijui. Aliyeita alikuwa Salim, na Bibi alimdhania jini. Lakini lau tungemwitikia na kuwasha mashine, tungelivaa lile jiwe.

Hata hivyo, nikikumbuka asubuhi ile, ninayemfikiria zaidi ni Ami. Mikono yake ilivuta nyavu kila siku, na kile kiganja kikavu cha Bibi angekiondoa kwa kidole kimoja. Habari za majini hakuziamini, wala hakujua bado kwamba mbele kuna jiwe. Alikiacha pale kwa sababu kilikuwa cha mama yake.